Zamu ya Bibi

"Sogea kidogo, bwana mdogo, uso uingie kwenye mwanga," Bibi alimwambia mtoto aliyeketi mbele ya kompyuta, miguu ikining'inia.

Karani wa mahakama alikuwa amempigia simu asubuhi, akamwelekeza taratibu kama anayemvusha mtu barabara: kiti kielekee dirishani, kisha ahakikishe picha inaonekana vizuri. Bibi alimwombea heri. Tangu kesi ianze, huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kumsemesha bila kupandisha sauti.

Kesi yenyewe ilikuwa ya kumgombea mjukuu wake. Binti yake alikuwa nchi moja, mkwewe nchi nyingine, na kila mmoja alimtaka mtoto kwa udi na uvumba. Walimwachia Bibi mtoto huyo akiwa hajaota jino. Sasa alikuwa darasa la pili, na simu zote za wazazi zilikuwa zikiishia kwa mawakili. Hukumu ikitoka leo, mtoto atapandishwa ndege. Kila Bibi akifumba macho aliona begi dogo limesimama mlangoni.

Kioo kikawaka ghafla. Hakimu katikati, baba kushoto, mama kulia, mawakili wamebanana pembeni.

"Mwanangu!" mama akapiga ukelele.

"Mwanangu!" baba naye akadakia, asije akapitwa. "Mheshimiwa, itazame hiyo pua. Pua yangu hiyo!"

"Chukua pua yako. Macho ni ya ukoo wetu," mama akajibu huku machozi yakimtoka.

Binti amekonda. Bibi aliliona hilo, na moyo ukamlainika. Akanyoosha mkono.

"Samahani, mheshimiwa, kabla hamjaendelea..."

"Subiri, Bibi. Zamu yako itafika."

Baba akaapa kwamba mwanawe angemtambua hata gizani, kwa kukohoa tu. Mama akasema yeye kila akilala humwota, na sura ni hii hii, haijapungua wala kuongezeka.

"Unanikumbuka, kipenzi changu?" akauliza.

Mtoto akatikisa kichwa.

"Mmeona! Baba yake amemjaza maneno!"

"Nimjaze saa ngapi mimi? Si wewe unayejifanya mwema leo kwa sababu kuna watu?"

"Na hiyo fulana iliyotoboka!" Mama hakumsikiliza. "Mama, ndivyo unavyomlea mwanangu?"

Bibi akatupa jicho kwenye mlango wa chumbani. "Hebu tulia, binti yangu, nikwambie kitu..."

"Bibi!" Hakimu alivua miwani. "Ukiongea tena bila ruhusa nitakutoa kwenye kikao."

Bibi akampapasa mtoto kichwani, maana alimwona anaanza kuogopa.

Hakimu naye akaligundua hilo, akalegeza sauti. "Usiogope, mtoto mzuri. Mahakama inataka kukusikia wewe. Ungependa kuishi na nani?"

"Na mama," mtoto akajibu papo hapo.

Mama akaangua kilio cha furaha. Wakili wake akapiga makofi, kisha akakumbuka alipo, akajifanya anapangusa mikono. Wakili wa baba aliinuka kwa hasira, likabaki tumbo tu kwenye kioo. Baba akasema atakata rufaa kila mahali penye jengo na jaji.

Hakimu akachukua kalamu.

"Suala liko wazi," alisema. "Mtoto ametamka kwa kinywa chake, na wazazi wote wawili wameonyesha mapenzi makubwa. Haya, Bibi, zamu yako. Sema kwa kifupi."

Bibi alitazama nyuso zote zile, akazionea huruma.

"Nilitaka kuwaambia tangu mwanzo, mheshimiwa. Huyu ni mtoto wa jirani, nilimketisha hapa nijaribu picha. Wangu yumo chumbani anahangaika na tai, anataka baba na mama yake wamwone amependeza."