Ubeti wa Kisima

Wanyama wa bondeni waliandaa mchezo wa kuimba kuhusu wanafunzi waandishi wa habari waliokataa kuzibwa mdomo. Mwalimu wa mchezo huo alikuwa Kanga, mcha Mungu lakini mwoga. Chiriku, mwanafunzi asiyeweza kuficha jambo, aliimba sehemu ya mwandishi, na ubeti wake mmoja ulikuwa habari ya kweli: kisima kipya cha Nyati kimeua vyura.

"Huo tunauondoa," Kanga akasema. "Mzee Nyati ndiye mgeni rasmi."

"Lakini mwalimu, si mchezo wenyewe unasema habari isizuiwe?"

"Huo ni mchezo tu, mwanangu. Usituletee balaa."

Chiriku akatii. Siku ya onyesho aliimba uhuru wa habari mpaka wanyama wakatoa machozi, na aliyepiga makofi zaidi ni Nyati. Kisha wakaenda kufungua kisima. Kwa desturi yao, funda la kwanza hunywa mtoto wa mwenye kisima. Ndama wa Nyati akainama akanywa. Chiriku akamtazama mwalimu wake. Kanga alikuwa amefumba macho, anaomba.

Kabla ya jua kuzama ndama alikuwa amekufa.

"Kwani hakuna aliyejua?" Nyati akalia.

"Mimi nilijua, mzee," Kanga akasema. "Nilikuogopa."

"Uniogope kwa lipi? Ungeniambia, ningekifukia leo asubuhi kwa kwato zangu mwenyewe."

Kanga akapiga magoti akatubu, na Mungu ni mwingi wa rehema. Lakini ndama hakuamka.