Nenosiri la Mkamwana

"Nenosiri ndilo hilohilo! Programu yako ya ripoti ndiyo kichwa maji!" mwalimu mkuu alimfokea fundi wa kompyuta.

"Mama, programu haina kosa. Mafaili yako mtandaoni, kwenye akaunti ya karani wako, naye amebadilisha nenosiri."

"Basi weka langu."

"Lako litafungua akaunti yako, na humo mna picha za wajukuu tu."

Mwalimu mkuu akabonyeza tena kwa kidole kilicholowa jasho. Mstari mwekundu ukarudi palepale: umekataliwa.

Karani huyo alikuwa mkamwana wake. Alimfukuza kazi Ijumaa kwa kuthubutu kusema mbele ya walimu kwamba bila yeye ripoti haitoki. Na sasa wafadhili walikuwa chumba cha pili, wakiingoja ripoti hiyo ili waamue kama shule iendelee au ifungwe.

"Mama," fundi alinong'ona, "wanauliza kama tuko tayari."

Mwalimu mkuu alijifuta kidole kwa ncha ya mtandio, akachukua simu, akapiga. Sauti iliyomtoka ingemtoa nyoka pangoni.

"Hujambo, mwanangu? Mbona leo umechelewa kazini?"