Herufi Ndogo

Siku hizo, mwenye jina la herufi kubwa katika rejista ya nchi alifunguliwa kila mlango na kila bomba. Mwenye jina la herufi ndogo hakufunguliwa kitu.

Kazi ya Tunu ilikuwa kushusha majina. Kila asubuhi aliletewa orodha ya wasiohitajika tena, akabonyeza vitufe viwili kuichagua yote, kisha cha tatu, na majina yote yakawa madogo. Hakuyasoma. Makarani walifundishana hivyo, wapate kulala. Kitufe cha kupandisha kilikuwa kimeng'olewa kwenye kibodi zao, pamebaki tundu.

Jioni moja alimkuta mama yake, Bi Sikudhani, ameketi jikoni na sufuria kavu mapajani.

"Bomba limenikataa tangu asubuhi, mwanangu. Hebu kesho niulizie huko ofisini kwenu."

Tunu akaikinga sufuria, akaweka kiganja chake kwenye bomba. Maji yakatoka, sufuria ikajaa, ikafurika, naye bado amelishika.

"Na huyo aliyekosea," mama akaongeza, "usije ukamsemea kwa wakubwa. Huenda naye ana mama."