Kikombe Kisicho na Kishikio

Salha alipanga vikombe vya chai mkekani, safu mbili zikitazamana, kila kikombe mchezaji mmoja. Ngoma ya harusi ya binti yake alikuwa anaitunga yeye, na alitaka itiririke: mkono ukiachwa na huyu, udakwe na yule, asibaki mtu kaduwaa katikati ya uwanja. Ila kila alipofika mzunguko wa mwisho, ambapo wote hushikana mikono ya kushoto, alikwama.

"Mama Zuhra, si nimeshakwambia? Mimi nitakaa kitini nitazame," alisema mumewe, Athumani. Tangu augue, mkono wake wa kushoto haunyanyuki.

Salha alivikusanya vikombe vyote, akaanza upya, na safari hii ngoma nzima ikazungukia kulia, wote wakishikana mikono ya kulia.

Athumani akaja kuketi kando yake. Kwenye safu ya mbele aliona kikombe kimoja kilichovunjika kishikio. Vyote vilivyokifikia vilikipokea kwa upande wa kulia.

"Huyu nani?"

"Baba wa bibi harusi."

 Kwa mkono wake mzima, Athumani akakisogeza taratibu hadi mbele ya kikombe kilichokuwa cha Salha katika safu ya pili, akangoja Salha akisogeze chake.