Nyongeza ya Udi

Mshale wa mizani uliipita kilo, ukatulia huko.

"Kimezidi, dada," alisema Shaweji, karani wa vifurushi. "Hiki kinahesabiwa kilo mbili."

Mwanapili aliuma mdomo. Alikuwa amepima chetezo cha udongo kikiwa kitupu, akamtajia mteja kwa simu nauli ya kilo moja, na mteja akalipa. Matambara ya kukikinga kisivunjike hakuyapima, wala udi wa nyongeza.

"Utoe huo udi unaonukia humu," alisema Shaweji. "Kwani mteja aliuagiza?"

"Mama yangu aliuza nyanya hadi uzeeni. Hakuna mteja aliyeondoka kwake bila nyongeza."

"Basi mwambie aongeze nauli."

"Nimgeuzie bei? Hatarudi tena huyo."

Alikibeba kifurushi hadi nyumbani, akayatoa matambara yote. Akakitazama kitanda kwa muda mrefu. Kisha akachukua wembe, akaupasua mto wake wa sufi, akakifunga chetezo na udi wake kwa sufi hiyo.

Safari hii mshale ulipanda, ukatetemeka, ukasimama kwenye kilo barabara.

Shaweji alimtazama usoni. "Na wewe leo utalalia nini?"

Mwanapili aliipuliza chembe ya sufi iliyomganda mdomoni. Ikaelea, ikatua juu ya mizani, na mshale haukutikisika.