Mwalimu wa Kwenye Runinga

Mzee Shemweta hakuwa na ndevu ndefu, hakuwa na teke la kuruka, wala mjukuu wa kumsikiliza. Vyote hivyo alikuwa navyo mwalimu wa karate wa kwenye katuni, ambayo kamati ya shule ilimwomba aipime kama inafaa watoto.

Katuni ilipoisha, mjukuu wake Mwanahawa aliinama mbele ya runinga. “Shikamoo, mwalimu!”

“Mimi babu yako hujaniamkia tangu asubuhi.”

“Babu, mwenzio anapaa!”

Mzee alikuwa ameshaandika kwamba katuni inafundisha adabu. Aliichana karatasi hiyo, akaandika nyingine: “Haifai.” Akailamba bahasha, akaifunga, akamtuma Mwanahawa aipeleke shuleni.

Mtoto aliipokea kwa mikono miwili, akainama vilevile. “Shikamoo, babu.”

Kabla mzee hajaitikia, Mwanahawa alishatoka, akirusha mateke, bahasha ikipepea mkononi.