Picha Zilizoharibika

Nesi alifungua droo ya studio kutafuta kitana, akakuta sura yake imejaa tele humo. Katika kila picha alikuwa amefumba macho.

Miaka ishirini sasa, kila akija kupigwa picha ya kitambulisho, taa ikimulika tu, anafumba. Mpiga picha, rafiki yake tangu shule, humcheka, hurudia, humpa iliyo nzuri.

"Si ulisema zilizoharibika unazichoma?"

"Nilisema." Alikuwa akifuta lenzi iliyokwisha takata. "Zile nzuri unaondoka nazo wewe. Mimi nabaki na hizi."

Katika ile ya zamani kabisa alikuwa na sare ya chuo, kola imekaa upande. Nesi aliirudisha taratibu, akakaa kwenye stuli.

"Haya, piga," alisema, akafumba macho.

Alisikia lenzi ikifunikwa, kisha viatu vikija.